Nani Amtetee Mwizi?

Swali hili naulizwa karibu kila ninapotaja kazi yangu. Mimi ni mkalimani. Nilizaliwa Uvira, nikaishi miaka kadhaa kati ya Tororo na Busia, na mara nyingi nimeitwa kutafsiria watu wetu waliokamatwa mpakani: Kifuliiru, Kifaransa, na Kiswahili chetu cha Kongo ambacho huku kinachekwa. Mtu akisikia hivyo ananitazama. "Sasa wewe, unasaidia wezi?" Akiwa mpole atasema hivi: "Asiye na kosa atetewe, sawa. Lakini yule ambaye kila mtu anajua alifanya, wakili wa nini?"

Sitaki kulipuuza swali hilo, maana anayeuliza mara nyingi ameumia. Ameibiwa simu aliyokusanyia pesa miezi minne, au binti yake amefanyiwa ubaya na jirani. Na zaidi ya hapo, wengi wetu tuko ukimbizini kwa sababu watu fulani waliua na kuchoma, na hadi leo hawajafikishwa popote. Mtu aliyepoteza nyumba nzima kule Fizi au Ituri, ukimwambia "haki za mshtakiwa" anaweza kusikia kama unamtukana. Mama mmoja aliwahi kuniambia: "Mwanangu, siku wanamaliza watoto wangu, nani aliwasomea haki zao?"

Neno lile nimelibeba muda mrefu. Sikumjibu siku ile, na hakuwa mtu wa kushindana naye. Lakini nimelifikiria, na naona ndani yake kuna jambo ambalo sisi wakimbizi tunalijua kuliko wengi. Watoto wa yule mama walikufa kwa namna gani? Kuna mtu aliamua kwamba wana kosa. Kosa lenyewe lilikuwa kabila lao, au kijiji chao, au kwamba mjomba wao alionekana na watu fulani. Hawakuambiwa shtaka wala hawakupewa nafasi ya kusema. Aliyewatuhumu ndiye aliyewahukumu, na ndiye aliyetekeleza hukumu, yote kwa dakika chache. Sasa ukichukua mambo hayo moja moja ukayageuza, utapata orodha ya haki za mshtakiwa: aambiwe anatuhumiwa nini, apewe muda, asikilizwe, na anayemhukumu asiwe yule anayemtuhumu. Kwa hiyo haki hizi si zawadi kwa waliotufanyia ubaya. Ni kinyume cha kile tulichofanyiwa.

Tuanze na mpaka wenyewe. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Unaweza kunywa chai upande wa Kenya, ukanunua ndizi Sofia upande wa Uganda, na kabla ya jua kuzama umerudi. Wanasema hata jina la bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, wenye baiskeli wakiita abiria waende "boda" hadi "boda". Wateso wako pande zote, Wasamia pia. Ukienda kaskazini kidogo unafika Malaba, kisha Tororo na mwamba wake unaoonekana kutoka mbali.

Lakini ukikamatwa, upande uliosimama ni jambo kubwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inasema ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 23, inasema saa 48. Mtu ni yule yule, tuhuma ni ile ile, na kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa mguu. Kijana mmoja aliniuliza akicheka: "Kwa hiyo nikivuka geti kwenda Kenya, utu wangu unaongezeka?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Kama haki ni namba tu iliyoandikwa na serikali, basi serikali inaweza kuifuta kesho, na mtu kama mimi asiye na serikali nyuma yake hana kitu. Kama haki inatoka kwa utu wenyewe, mbona inabadilika getini? Mimi naona hivi. Saa 24 au 48 ni makubaliano ya watu. Bunge lingeweza kuandika 36. Lakini sababu ya kuandika namba yoyote ni moja pande zote mbili: aliyekukamata asibaki nawe peke yake. Lazima afike mbele ya mtu mwingine, aeleze. Wahenga walishasema kesi ya ngedere hakimu nyani, na wote tunajua kesi hiyo inaishaje. Namba inatofautiana. Hofu iliyoizaa ni moja, na hofu hiyo haina uraia.

Ndiyo maana nchi zote mbili zimeweka jambo moja mbali na mikono ya wakubwa. Kifungu cha 44 cha Uganda na cha 25 cha Kenya vinataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kutoteswa kumo. Kutofanywa mtumwa kumo. Na kusikilizwa kwa haki mahakamani kumo. Tazama majirani wa haki hiyo. Walioandika waliona kwamba kumhukumu mtu bila kumsikiliza kunakaribiana na kumtesa.

Sasa turudi kwa "kila mtu anajua alifanya".

Kulikuwa na Mganda aitwaye Edward Mpagi. Mwaka 1982 alihukumiwa kifo kwa kumuua mtu. Baadaye ikajulikana kwamba huyo "marehemu" alikuwa hai. Hata hivyo Mpagi alikaa gereza la Luzira hadi 2000 ndipo akaachiliwa. Siku ya hukumu, mtu angesimama nje ya mahakama ile akasema jamaa hana hatia, angeambiwa nini? Angeambiwa kila mtu anajua.

Watu wanafikiri sheria ikisema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe, inatulazimisha tuamini kwamba ni mtu mwema. Hapana. Unaweza kumshuku, hakimu mwenyewe anaweza kumshuku. Sheria haisemi chochote kuhusu moyo wako. Inasema nani abebe mzigo. Anayetuhumu ndiye alete ushahidi, na akishindwa, mshtakiwa aende nyumbani hata kama hatumpendi. Ingekuwa kinyume chake, jaribu kuthibitisha leo kwamba hukuiba kuku Tororo mwezi wa tatu mwaka jana. Utaanzia wapi? Na kama wewe ni mkimbizi, shahidi wako amehamishiwa makazi mengine, simu yake haipatikani, na karatasi zako zililowa mvua. Sheria ya kutaka mshtakiwa ajithibitishe ingetumaliza sisi kabla ya wenyeji.

Nachukua kesi ngumu kabisa, maana kesi rahisi haipimi wazo. Tarehe 11 Julai 2010 watu walikuwa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mabomu yakalipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye akili analichukia. Baada ya hapo Wakenya kadhaa walikamatwa kwao na kuvushwa mpaka hadi Uganda bila kupitishwa mahakamani kama sheria ya kukabidhiana watuhumiwa inavyotaka. Mmoja wao alikuwa Mohamed Hamid Suleiman. Mwezi Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kumpeleka Uganda namna ile kulikuwa kinyume cha sheria. Lakini alishavushwa. Mtetezi wa haki, Al-Amin Kimathi, alisafiri kwenda Kampala kufuatilia kesi za hawa watu. Naye akakamatwa, akakaa ndani mwaka mzima mpaka mashtaka yake yakaondolewa Septemba 2011. Washtakiwa wakaenda kwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 kitengo chake cha rufaa kikasema wamechelewa, kwa kuwa mkataba unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri.

Miezi miwili. Mtu yuko gerezani nchi ya ugenini, na saa inahesabu.

Hukumu ya kesi yenyewe ilitolewa Mei 2016 na Jaji Alfonse Owiny-Dollo. Washtakiwa walikuwa 13. Saba walipatikana na hatia ya ugaidi, mmoja kosa dogo zaidi, na watano wakaonekana hawana hatia ya ugaidi wala ya mauaji. Mohamed Hamid Suleiman alikuwa kati ya hao watano.

Nakuomba msomaji ukae hapo kidogo. Mwaka 2010, ungewapanga wale 13 ukutani, usingeweza kuwatofautisha kwa sura. Hasira ya watu ilikuwa ya haki, lakini hasira haina macho ya kuhesabu saba hapa na watano pale. Kilichowatenganisha ni kesi: mashahidi kuulizwa, mawakili kubisha, jaji kuandika sababu zake. Na kesi ile ile iliyowaachia watano ndiyo iliyowafunga wengine. Anayesema kumtetea mshtakiwa ni kuwasahau marehemu, naomba anijibu: kumfunga asiyehusika kunamsaidia marehemu yupi?

Mpaka nao unatufundisha kitu katika kisa hiki. Kwetu mpaka ni mahali pa kupata ulinzi: unavuka, unapumua. Lakini njia hiyo hiyo inaweza kutumika kumvua mtu ulinzi, avushwe usiku aache nyuma mahakama yake, wakili wake na mke wake anayemtafuta vituoni. Mkimbizi anayeogopa kurudishwa alikotoka na mtuhumiwa anayevushwa bila hakimu wanadai kitu kimoja: nisipelekwe mahali kabla ya kusikilizwa.

Basi, wakili anafanya nini hasa? Watu wengi wanadhani kazi yake ni kudanganya. Wakili hana ruhusa ya kuidanganya mahakama. Kazi yake ni kuuvuta ushahidi aone kama utakatika. Mwendesha mashtaka ana polisi, gari, na faili. Mwamba ngoma huivutia kwake, hilo ni la kawaida. Lazima awepo wa kuvuta upande wa pili, la sivyo hatutajua ngozi ina nguvu au ilikuwa imeoza. Ukiwa unaenda Kakuma kutoka Kitale unapita karibu na Kapenguria. Pale, kati ya 1952 na 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa. D. N. Pritt alitoka Uingereza kuongoza utetezi wa watu ambao serikali ilikuwa imeshawahukumu moyoni. Walifungwa. Miaka michache baadaye shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba alikuwa amesema uongo. Utetezi haukushinda siku ile, lakini uliacha kumbukumbu ya maswali, na bila kumbukumbu uongo hauna mahali pa kuja kuumbukia.

Kwa watu wetu, lakini, hatari kubwa haiko kwenye kesi kubwa. Iko kwenye neno moja dogo: "Ni kweli."

Mshtakiwa anasomewa shtaka, anaulizwa ni kweli au si kweli. Mtu wetu amelala selo, hajala, anaogopa, na nyumbani alifundishwa kwamba mbele ya mkubwa unakubali. Anasema, "Ni kweli." Anamaanisha: ni kweli baiskeli ilikuwa kwangu. Hasemi kwamba aliiba. Au ameshtakiwa kuwa nchini bila kibali, anasema ni kweli, akitaka kuendelea: ni kweli sina kibali, kwa sababu nilikimbia vita na nilikuwa natafuta ofisi ya wakimbizi. Lakini imeshaandikwa kwamba amekiri. Hata maneno yanatusaliti. Mkongomani akisema "nilibeba ile baiskeli" anaweza kuwa anasema aliishika tu, wakati msikilizaji amesikia aliichukua ikaenda.

Sheria iliona hatari hii kitambo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka hatua ambazo mahakama za Kenya na Uganda zinazifuata mpaka leo. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na vipande vyote vya kosa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Akikubali, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe tena kama anakubali au ana la kuongeza. Akibisha jambo la msingi, ihesabiwe amekana. Na katiba zote mbili zinasema mkalimani asilipiwe na mshtakiwa. Kwa hiyo nikisimama pale sisaidii wezi. Nahakikisha kwamba anayefungwa ndiye aliyesema maneno yaliyomfunga.

Kuna pingamizi moja ambalo sina raha nalo, na ni la kweli: haki hizi nyingi ni za karatasi. Uganda, serikali inamlipia wakili mtu anayekabiliwa na kifo au kifungo cha maisha. Aliyeshtakiwa kwa kuku au simu anajitegemea. Kenya, katiba inasema serikali impe wakili pale ambapo bila hivyo kutatokea dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imewataja wakimbizi kati ya wanaostahili. Lakini kustahili ni kitu kimoja, na kumwona wakili Jumatatu asubuhi ni kingine. Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wanafanya kazi yao, Uganda kuna Refugee Law Project, lakini watu ni wengi na njia ni ndefu.

Hapa nasema na ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika. Nimesikia zaidi ya mara moja, tena ofisi tofauti: "Samahani, hatushughuliki na kesi za jinai." Msaada upo wa hati, wa chakula, wa waliodhulumiwa. Mtu wetu akishtakiwa, ghafla anakuwa si mteja tena, kama vile shtaka limemtoa katika hesabu ya wanaostahili huruma. Naelewa bajeti. Naelewa pia kwamba shirika linaogopa kuonekana linatetea wahalifu. Lakini angalieni mnachosema bila kutamka: kwamba mtu akituhumiwa tu, tayari si wetu. Hiyo ndiyo hukumu kabla ya kesi.

Na sisi wakazi tusijifiche nyuma ya polisi na mashirika. Kijana akishikwa na sufuria ya mwenzie, nani anamfunga kamba? Ni sisi. Wazee wa bloku wanakaa, mlalamikaji anaongea nusu saa, kijana anaambiwa "nyamaza, tunakujua". Wakati mwingine anapigwa kwanza halafu ndiyo anaulizwa. Kisha jioni tunalalamika kwamba polisi hawatusikilizi! Wakristo wanakumbuka kwamba Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Waislamu wanajua kisa cha Daudi na wagomvi wawili, na wafasiri wengi wanaona funzo lake ni kutotoa uamuzi kwa kusikia upande mmoja. Hili halikuja na wazungu, wala na mashirika.

Yako mambo machache yasiyohitaji pesa. Ukikamatwa, uliza unashikwa kwa kosa gani, na sema lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Kunyamaza si kukiri. Familia iandike saa na siku ya kukamatwa, maana bila hiyo saa 24 au 48 hazihesabiki. Dhamana ya polisi Uganda hailipiwi. Kenya, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, katiba inasema usiwekwe rumande. Na usiseme "ni kweli" kama sentensi yako haijaisha. Sema yote, au sema hujaelewa.

Yule mama bado simwambii kwamba amekosea. Anachodai ni haki, na anastahili kuipata, waliomfanyia wasimame mahakamani siku moja. Nami nataka siku hiyo ifike. Ikifika, nataka wasomewe mashtaka kwa lugha wanayoielewa, wawe na wakili, na mkalimani asiyepunguza neno. Ili wakifungwa, pasiwe na mtu hata mmoja wa kusema walionewa, na ili mama ajue kwamba waliofungwa ni wao kweli, si watoto wa mwanamke mwingine.